Vinne vya Wino

Bwana Machibya, meli yako imekwisha.
Njoo uichukue Igogo, nyumba ya tatu juu ya lile jabali
walilolipaka chokaa: JIWE HILI HALIUZWI.
Njoo na boksi, njoo na pamba,
na tafadhali usije na pikipiki.

Mkuku ni mninga. Mataruma nayo ni mninga,
mabaki ya kitanda cha mtu wa Nyakato
aliyehama bila kumlipa fundi.
Sitaha ni mvule, nimeuchana
mwembamba kuliko ulimi wa kiatu,
mbao sabini na mbili kutoka omo hadi shetri,
na hakuna maungio mawili yanayolingana
mpaka zipite mbao tatu katikati.
Ndivyo walivyofanya waliojenga za kweli,
walioyaogopa maji kuliko ninavyokuogopa wewe.

Uliniambia: fundi, gundi si inatosha?
Inatosha.
Uliniambia: hivyo vidoadoa si unagusisha kalamu tu?
Nyanjige, mke wangu, naye alisema hivyo,
yeye aliyekuwa akinyoosha mkono baada ya samaki
na kukikuta kikopo cha vijiti vya meno kitupu.

Maana vigingi vyako ni hivyo vijiti vya mwanzi.
Mchana natengeneza meno ya watu, ghorofa ya pili,
kwa hiyo nimezoea kazi ambayo ikisifiwa
imeharibika.
Jioni nachukua kijiti, nakichonga ncha,
nakipitisha kwenye bati lenye matundu,
tundu, tundu dogo, dogo zaidi,
nakivuta kwa koleo
kama mtu anayetoa mwiba wa sato kooni mwa mtoto.
Kinakatika. Naanza upya.
Kinakatika.
Keekee niliyotobolea ni ya kutobolea magego.
Daktari asisikie.

Viwili kila ncha ya ubao, kimoja kila boriti:
elfu moja mia moja na arobaini.
Tundu, tone la gundi, kigingi, gonga,
kata, msasa. Tundu, tone la gundi.
Kuna usiku visubi walipanda kutoka ziwani
kama moshi wa mtu anayechoma mkaa majini,
wakaifuata taa, wakafia kwenye vanishi.
Nimewatoa wote isipokuwa mmoja,
ubao wa saba, upande wa kushoto. Ana mabawa yote.
Mhesabu kuwa abiria.

Mbuke alinishikia tochi umeme ulipokatika.
Baba, hii itaelea?
Haitaelea. Itakaa kabatini, ofisini kwa mtu.
Sasa unaipigilia ya nini?
Nikamwambia asogeze tochi.

Halafu Jumanne ukapiga simu: wageni wa kiwanda,
minofu, mikataba, Ijumaa lazima.
Jumatano saa nane za usiku mwanzi ukaniishia.
Duka limefungwa. Kikopo nimekipindua mara mbili.
Vilibaki vinne, chini ya mlingoti wa nyuma,
mahali ambapo hata kivuli hupita kikiwa na haraka.

Nikachukua kalamu ya Mbuke ya hesabu.
Nukta. Nukta. Nukta. Nukta.
Sikumaliza hata kupiga mwayo.

Asubuhi nikavitafuta kwa lenzi, nikakosea,
nikaonyesha vigingi halali nikadhani ndivyo.
Mbuke hakuviona. Nyanjige aliinama,
akatazama muda mrefu kuliko nilivyotaka, akasema:
Kumbe. Na vile elfu moja na ushee…
Akaenda kukoroga uji.

Basi nimetoa elfu nne kwenye bei,
elfu moja kila nukta. Usibishane na risiti.
Na utakapoipandisha kabatini
uelekeze shetri ukutani.
Si kwa ajili yako.
Nina jino la kukupima mwezi ujao, nitakuwa nimekaa
kwenye kiti cha ofisi yako, na macho yangu nayajua.

Ibebe kwa mkuku, kwa mikono miwili.
Sitaha bado inanata.